Jiwe Lililoshikilia Mlango wa Jikoni

Shule niliachia darasa la pili, kwa hiyo kutunga sijui. Haya niliyaona kwa macho yangu, saa nane mchana, jua kali likimulika theluji nje. Ukitaka kucheka, cheka.

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa ughaibuni, mji wa Bladensburg, nikimtunza ajuza wa Kiayalandi, Bibi Nora. Siku hiyo shule zilifungwa kwa theluji, nikaenda kazini na mjukuu wangu Wakesho, miaka sita, akili kama wembe. Ni yeye aliyeuliza jiwe la kushikilia mlango wa jikoni limetoka wapi. Bibi Nora akatuonyesha picha ukutani: malishoni kwa ng'ombe, mawe matatu yamesimama, yamebeba jiwe moja pana, zito kuliko lori.

"Hilo ni kaburi," akasema. "La watu wa kabla ya Yesu. Nilipoolewa nilichukua kajiwe humo ndani, kanikumbushe kwetu."

"Ulimwomba nani ruhusa?" nikamwuliza.

"Nimwombe nani? Si wamekufa!"

Eti wamekufa! Kwetu Taita mafuvu ya wazee yalikaa mapangoni, na hakuna aliyethubutu kutoka na hata kokoto. Basi Bibi Nora aliposinzia, nikafanya kama mama yangu akiwatuliza wafu: nikajaza juisi mdomoni, nikalipulizia jiwe, nikasema, "Babu, poa moyo. Sisi ni wajukuu wako."

"Nyanya, umetema mate jikoni kwa watu!" Wakesho akasema akicheka, kwa Kiingereza chake hicho.

Umeona kosa langu? Kuwatuliza si kosa. Ila nani alinituma kujiita mjukuu?

Nilipoinua kichwa, mzee alikuwa amesimama mlangoni. Mfupi, kavaa ngozi, udongo mbichi nyweleni. Niamini, sikuogopa kwanza. Nilitaka kumwuliza lile jiwe la juu walilipandishaje! Lakini jiwe lake hakulitazama. Alimtazama Wakesho, kama babu aliyeletewa mtoto amwone, akanyoosha mikono yote miwili. Na mtoto akaanza kumwendea. Nikamwita, hasikii.

Nikamrukia, nikamkumbatia. "Huyu ana babu yake, kazikwa kwetu Wundanyi! Aliyekuita ni mimi. Ukitaka mjukuu, mjukuu ni mimi."

Akanitazama sana, mimi na mvi zangu. Akaniwekea kiganja utosini, baridi kama jiwe la mtoni. Halafu hayupo.

Jiwe lilirudishwa kaburini na mpwa wa Bibi Nora. Wakesho leo ni muuguzi, mzima kabisa, nani asiyejua ninavyoringa naye? Lakini utosi wangu haujapata joto tangu siku ile, hata joto la Julai likichoma navaa kofia ya sufu. Binti yangu anasema, "Mama, ni uzee." Sawa. Nikifa sijui nitaamkia wapi, kwa wazee wangu Wundanyi, au chini ya mawe yale, ugenini.

Wewe unayesoma, wafu wa watu wape salamu upite. Undugu usiwape, maana wao hawasahau.