Kopo la Bolti Laini

Masatu alikuwa amechoka tangu mwaka juzi. Siyo uchovu wa kulala ukaamka umeisha, hapana. Ni ule wa mifupa, unaoamka kabla yako ukakusubiri ukingoni mwa kitanda. Ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na miwili kati ya hiyo ameimalizia juu ya kiti cha trekta. Ukimwuliza hali, anakujibu, "Tunasukuma." Basi. Usitegemee zaidi.

Trekta yenyewe siyo yake. Ni ya Flora, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi anayekaa Kigera, Musoma mjini, mama asiyecheka hovyo. Msimu wa kilimo ukifika trekta inapelekwa Mugeta, upande wa Bunda, kulimia watu, na Masatu analala huko huko mpaka mvua zikolee. Mwenzake kazini ni Silasi, mwanaume wa miaka thelathini na mitatu, mwenye mke na watoto watatu, ambaye kabla ya kushika usukani alikuwaga Buhemba kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu.

Kilichomfanya Masatu ajulikane vijiji vyote ni kopo. Kopo la bati la maziwa ya unga, kalifunga mfuniko kwa mpira wa baiskeli, ndani kajaza bolti laini. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kisa kilipo. Jembe analovuta, rotaveta, lina visu vinavyozunguka, na visu hivyo vinazungushwa na shafti inayotoka kwenye gia za trekta. Kwenye maungio ya shafti inakaa bolti moja, na kazi ya bolti hiyo ni kufa. Kisu kikigonga jiwe, inakatika, tak! Shafti inazunguka bure, visu vinasimama, gia zinabaki salama. Unashuka, unatoa vipande, unafunga nyingine, unaendelea na safari. Lakini lazima iwe laini. Ukifunga ngumu, kitakatika kitu kingine, na hicho kingine hutakipata kwenye kopo.

Nani sasa wa kumweleza hayo mkulima aliyesimama juani anasubiri zamu? Mashamba ya Mugeta yana mawe na visiki, na siku mbaya bolti zilikatika hata mara tano. Watu wakasema mzee ananunua feki. Wakambatiza Masatu wa Bolti. "Mzee, si uweke chuma cha maana tulime?" Naye, huku magoti yanalia anapopiga tena magoti nyuma ya jembe, alikuwa na jibu moja tu: "Afadhali ife hii." Hivyo hivyo kwa mambo mengine. Hakuzungusha visu injini ikiwa inanguruma. Alishusha moto wa injini kwanza. Hakukata kona visu vinazunguka. Watu walimwona mwoga. Mimi nasema alikuwa anajua anachokalia.

Mwanzoni mwa msimu huu Silasi alirudi kutoka kwao na bolti moja nyeusi, nzito, kichwa kipana.

"Mzee, hii ni ya karasha. Kule inapigwa na mawe mchana kutwa na haikatikagi."

"Ndiyo maana siitaki," Masatu alisema. "Wewe unataka kuua trekta ya mama wa watu? Nisije nikaiona kwenye shafti hata siku moja."

Akamnyang'anya. Lakini kuitupa akashindwa. Masatu alilelewa kule rasi ya Majita na baba aliyekuwa akinyoosha misumari iliyopinda, na kwao chuma hakitupwi, hata kiwe cha nini. Akaidumbukiza chini kabisa ya kopo. Ole wake.

Mwezi wa kumi, mawingu yameanza kujikusanya, mzee Nyamhanga akafariki. Na pale Mugeta msiba ukiingia kijijini, ardhi haiguswi mpaka marehemu azikwe. Hakuna jembe la mkono, hakuna la ng'ombe, hakuna trekta. Alisubiriwa mtoto wake anayeishi mbali, siku nne. Trekta ikakaa chini ya turubai, Masatu akakaa matangani, na kila mtu, huku analia, alikuwa anatupia jicho mbinguni. Siyo dhambi. Njaa nayo haina adabu.

Walipotoka makaburini tu, watu wote wakamwangukia. Kila mmoja anataka leo. Na Silasi ndiyo kwanza kashikwa na malaria, kalala anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Basi Masatu akalima peke yake siku tano mfululizo, chai asubuhi, ugali jioni, katikati vumbi. Aliyepiga kelele zaidi ndiye aliyelimiwa kwanza, na mjane wa marehemu, Benedikta, hakupiga kelele yoyote. Mtu wa kilio hapangi foleni. Mpaka Jumamosi ndipo Masatu alipokumbuka, kwa aibu, kwamba shamba la mwenye msiba wenyewe ndilo halijaguswa.

Akaenda. Shamba lilikuwa bondeni, udongo mweusi ule unaonata. Ukilowa tu, trekta haiingii tena wiki mbili. Saa nane mchana upande wa ziwani mawingu yalikuwa yameshafunga. Bolti laini zilibaki mbili. Ya kwanza ikakatika kabla ya nusu ya shamba. Ya pili ikakatika saa tisa kasoro. Nyingine zipo Bunda mjini, na mpaka aende arudi mvua itakuwa imeshafika.

Benedikta alikuwa amesimama pembeni na kanga yake ya msiba. Hakulalamika. Alisema tu, "Shemeji, kama imeshindikana, acha. Nimeshaanza kuzoea kuachwa."

Jamani. Angemtukana ingekuwa nafuu. Masatu alikaa kwenye tairi, akalipindua kopo, na kile chuma cheusi kikamdondokea mkononi. Akakiangalia. Alijua. Asije mtu akasema hakujua. Alijua kuliko mtu yeyote mkoa mzima. Lakini alikuwa amechoka kukatikiwa na bolti, amechoka kupiga magoti, amechoka kuwa ndiye mwenye akili kila siku. Akajiambia, kipande kimebaki kidogo, nitakwenda polepole, mara moja tu.

Ikaingia vizuri mno.

Akalima, na kweli akaenda polepole, na kwa mara ya kwanza wiki nzima hakusimama. Karibu aone raha. Ikabaki kona moja, upana wa nyumba mbili hivi, na chini ya kona hiyo kulikuwa na shina la mti uliokatwa zamani, limefukiwa, hakuna anayelikumbuka. Haikusikika tak. Ulisikika mlio mzito chini ya kiti chake mwenyewe, gwaa, kisha kusaga, kisha harufu ya oili ya moto. Masatu alizima injini, mikono ikabaki kwenye usukani. Mvua ikamkuta pale pale.

Jumatano trekta na jembe lake vilikuwa Musoma, gereji, vimekokotwa na ng'ombe kutoka bondeni, kisha vikabebwa juu ya lori. Kwa simu Masatu alikuwa amesema maneno matatu tu: gia zimevunjika, mama. Silasi, aliyeanza kupata nafuu, alikuja naye. Fundi akafungua, akachota meno ya gia na mkono uliojaa oili, akayaweka kwenye beseni mbele ya Flora. Halafu akaenda kwenye shafti ya jembe, akaigonga bolti ikatoka. Nzima. Hata mkwaruzo wa kutajwa hakuna.

"Hii ya machimboni hii," fundi alisema. "Nani aliweka?"

Flora hakuangalia upande wa Masatu kabisa. Alimgeukia Silasi.

"Buhemba ulitokaga na akili hizi?"

"Mama, mimi nilikuwa naumwa."

"Uliumwa baada ya kuifunga! Miaka kumi na mmoja niko na mzee huyu, mkono wake naujua. Watu wanamcheka kwa sababu ya trekta yangu, anavumilia. Wewe umekuja juzi umeiua. Kusanya vitu vyako uende."

Silasi angeweza kusema mengi. Angesema hiyo bolti ilikuwa kwenye kopo la nani. Hakusema. Alimtazama Masatu mara moja, akainamisha kichwa, akaanza kutafuta mfuko wake wa nguo. Hakumtazama kwa lawama, na hilo ndilo lililomuuma Masatu mpaka kifuani.

Kukaa kimya hakutaki nguvu, na Masatu nguvu hakuwa nazo. Angenyamaza tu, angebaki na jina lake, kitu pekee alichovuna kwa miaka yote hiyo. Kimya kilikuwa kitamu. Alikionja kidogo, nisimfiche.

"Ni mimi, mama," akasema.

"Wewe nini?"

"Niliyeifunga. Jumamosi saa tisa, shamba la mjane. Kijana aliileta, kweli, nikamkataza, nikaificha kwenye kopo. Halafu nikaifunga kwa mkono wangu huu unaoujua."

Flora alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye ndoo. "Wewe, baba Masatu? Kwa nini?"

"Nilichoka."

"Miaka yote hiyo hujawahi kuniambia umechoka."

"Hukuniuliza, mama." Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja saa.

Flora aliangalia meno ya gia kwenye beseni muda mrefu. Mwisho akampa Silasi ufunguo wa trekta. Kwa Masatu alisema, na sauti yake siyo ya kugomba, "Nenda ukapumzike, mzee." Kama ni kufukuzwa au kuhurumiwa, Masatu hakujua, wala hakuuliza. Alimpa Silasi kopo, tupu.

Kupumzika hakwenda. Alirudi Mugeta na jembe la mkono, kwa sababu ile kona ya Benedikta ilikuwa bado, na mahindi ya upande wa pili yalikuwa yameshachomoza yanaicheka. Alilima hatua chache, akakaa; akalima, akakaa. Siku tisa kwa kona ile, na lile shina akalichimba kwa sururu mpaka likatoka. Benedikta alimletea uji, naye akanywa, akashika tena jembe.

Siku ya tisa trekta ilirudi, imefungwa gia nyingine, na Silasi akaingia shamba la jirani, juu kidogo, kusikoshika maji. Masatu alisikia akipunguza moto kabla ya kuzungusha visu. Alisikia akisimamisha visu kwenye kona. Halafu ikaja, tak!, na jembe likasimama.

"Aaaa!" watu wakapiga kelele. "Tena? Silasi wa Bolti!"

Silasi alishuka na kopo mkononi, akapiga magoti nyuma ya jembe. Masatu aliketi juu ya lile shina alilolichimba, akafunika uso kwa kofia, akalia. Alipomaliza alinyoosha mgongo, akachukua jembe, maana zilikuwa zimebaki hatua tatu.