Lenzi Iliyofuta Ng'ombe

Lenzi ile ya kamera niliinunua mtumba kwa dereva wa watalii pale Mikumi. Sifa yake ilikuwa moja: sura ya mtu inatoka safi, na nyuma yake kote kunakuwa ukungu laini. Kwa bei ile, nikajua nimelamba dume.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mfugaji wa kijiji cha Tindiga, mkali kama pilipili, ambaye mpaka leo nikimkumbuka nacheka peke yangu. Alitaka picha na ng'ombe wake. Nilipompelekea, aliitazama, akaigeuza, akanikazia macho.

"Ng'ombe wangu umewapeleka wapi?"

Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo kazi ya lenzi nzuri. Akanirudishia picha kama maziwa yaliyoingia nzi.

Kwa hasira nikafunga ile lenzi ndogo iliyokuja na kamera, niliyokuwa naidharau, nikarudi nyuma mpaka kundi zima likaenea kwenye picha. Picha ya pili aliishika muda mrefu, akigusa kila ng'ombe kwa kidole na kumwita kwa jina. Yeye mwenyewe alikuwa katikati yao, mdogo kama punje ya mpunga, sura haionekani.

"Sasa huyu," akasema, "ndiye mimi."