Nyasi ya Bafu ya Mama Melvin

Kijana wangu Meitamei ni mtu wa maneno machache, lakini siku ile alisema zaidi ya aliyohitaji, na hayo ndiyo yaliyomfunga. Wacha nieleze mwenyewe, kwa sababu watu wa hapa Kisaju wameieleza vibaya. Wanasema mama alimlaani mtoto wake juu ya simba. Uongo. Mimi sijawahi kulaani mtoto. Nilimshikia nyasi, basi.

Nilipoolewa hapa, mvua ilikuwa na mwezi wake kama mgeni mwenye adabu. Ikinyesha, nyumbu wanatoka kule mbuga ya Nairobi wanajaa mpaka mlangoni kwetu, ikikauka, wanarudi. Halafu mvua ikaanza kuja ikitaka. Watu nao wakauza mashamba, na kila mwenye ploti akavuta waya. Nyumbu wakagonga waya wakageuka. Simba aliyekuwa akila nyumbu akabaki na njaa, akatazama ng'ombe wetu. Hiyo si siri, hata mtoto wa kuchunga mbuzi anaijua.

Ukaja ule ukame wa mwaka elfu mbili. Asubuhi moja simba jike aliangusha ng'ombe wa Meitamei kando ya korongo. Wanaume wakamfukuza kwa kelele kabla hajashiba. Niliposikia nikaenda kumpa mwanangu pole. Nikamkuta amechuchumaa kwa mzoga na Simel, rafiki yake wa rika moja, na mkebe kati yao.

Niliujua ule mkebe. Ni dawa ya wadudu ya shamba, punje ndogo za zambarau. Mwaka uliopita mtu wa ng'ambo ya barabara alimwaga hiyo hiyo kwa punda aliyekufa. Simba hakufa hata mmoja. Walikufa fisi, wakafa mbwa wa watu, na tai wakaanguka kwa miiba kama nguo zilizopeperushwa na upepo. Halafu ng'ombe wakaanza kufa kwa njaa na hakuna wa kusafisha. Mizoga ikaoza mpaka ndani ya maji tunayokunywa.

"Meitamei, funga huo mkebe."

"Yeyo," akaniita, kama tunavyoita mama kwetu, "rudi nyumbani. Hii ni kazi ya wanaume."

"Mwanaume gani anaua kwa dawa ya viwavi? Babako alishika mkuki."

"Siku za mzee hakukuwa na askari wa wanyama," Simel akasema. "Mkuki unaonekana, mama. Dawa haina alama."

Nikainama ning'oe nyasi. Kwetu Maasai hata mtoto anayepigwa, akishika nyasi mkononi, fimbo inashuka. Nyasi ndiyo ng'ombe, na ng'ombe ndiyo uhai; huwezi kumkanyaga mtu aliyeishika. Nikapapasa chini. Vumbi. Nikapapasa tena, nikatoka na mizizi mikavu iliyovunjika kwa vidole. Simel alicheka mpaka akashika magoti.

Meitamei pia akacheka, na hapo ndipo alikosea.

"Haya, Yeyo. Ukipata nyasi mbichi toka hapa mpaka Kisaju, hata kidogo, uniletee. Simba wako ataenda zake. Naapa kwa ng'ombe wa baba."

Alijua hakuna. Ng'ombe wetu walikuwa wanatafuna makaratasi ya barabarani.

"Umeapa?"

"Nimeapa."

"Simel, umesikia?"

"Nimesikia, mama. Nenda ukapande."

Nilipogeuka nikasikia kifuniko cha mkebe kikilia.

Nilijua mahali pamoja tu. Kwa zile ploti kulikuwa na mama Mluo, Selpha, tunamwita Mama Melvin. Bwana yake Ochola alikuwa na kazi Nairobi. Waya yao ilikatiza njia ya nyumbu katikati. Tangu siku walipoivuta sikuwa nimemsalimia, na sikuwa na mpango huo. Lakini maji ya bafu yao yalitokea nyuma ya nyumba, na hapo nyasi ilikuwa kijani ukame wote. Nikashika waya.

"Mama Melvin! Nipe nyasi."

"Kumbe leo nasalimiwa?"

"Sijakusalimia. Nimeomba nyasi."

"Ya mbuzi?"

"Ya kijana wangu."

"Kijana wako anakula nyasi?"

"Leo atakula."

Akacheka, halafu akaniangalia uso, akaacha. Akanifungulia geti. Nyasi ilinuka sabuni. Nikang'oa ya kujaa ngumi.

Nilipotazama upande wa korongo, tai walikuwa wanazunguka juu. Nikakimbia. Mama wa umri wangu hakimbii, lakini nilikimbia, na kila nikiinua macho walikuwa wamezidi na wameshuka.

Nyama ilikuwa tayari imepakwa zambarau. Wale wawili walikuwa wamekaa mbali chini ya mti wa miiba, wakingoja. Tai wa kwanza alishatua. Alikuwa anaruka ruka akikaribia, shingo mbele. Nikavua shuka nikampiga nayo, akarudi nyuma. Mwingine akatua nyuma yangu, na mwingine. Nikapanda juu ya mzoga wenyewe, shuka mkono mmoja, nyasi mkono wa pili.

"Meitamei! Njoo uone kama ni mbichi!"

Alikuja polepole. Akanusa.

"Hii ni ya maji ya kuoga."

"Ulisema mbichi. Hukusema isioge."

"Hiyo ni ya ploti," Simel akasema. "Haihesabiki."

"Nyasi ya ploti iliumbwa na Mungu mwingine?"

Meitamei alikuwa na rungu mkononi. Kama angenisukuma nishuke pale nikiwa nimeshika nyasi, mimi ningebaki bila mtoto na yeye bila mama. Alijua. Tai wakatua tena karibu, tukasikia mabawa.

Akanyoosha mkono. Akachukua shuka yangu, akaanza kufukuza ndege.

Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, haikuchimbika. Tukachoma. Kuni hakuna, kwa hivyo nikavuta miiba ya upande wangu wa boma, tukairundika juu ya mzoga, tukakaa upepo unakotoka. Simba jike alionekana kidogo juu ya mawe ya ng'ambo akitutazama, akaondoka.

Pengo la boma niliziba na nilichopata. Hakikutosha. Baada ya siku chache yule simba jike alipitia hapo hapo akachukua Nado, ng'ombe wangu mmoja tu niliyekuwa nakamua.

Asubuhi Meitamei alisimama mlangoni na ule mkebe, umefungwa.

"Sasa, Yeyo?"

Nikamwonyesha juu ya mlango, nilipoichomeka nyasi jioni ile. "Ile nyasi bado iko hapo."

"Imekauka."

"Na kiapo chako kimekauka?"

Akaitazama, kisha akautazama mkebe. Nami sikulia, ingawa nilikuwa nimeshika kibuyu cha maziwa cha Nado. Mwishowe akaenda akamrudishia Simel mkebe wake. Kisha nikasikia panga. Alikuwa anakata miiba ya kuziba pengo langu.

Nilikunywa chai ya rangi mpaka mvua iliporudi. Mama Melvin alinitumia maziwa ya pakiti nikakataa. Siku hizi namsalimia, lakini ile waya yake bado namwambia aitoe. Na mtu akiniuliza kama nilijuta juu ya Nado, namwambia chai ya rangi pia ni chai.