Zulia Ambalo Mama Kucha Alilitukana

Shangazi yangu, ambaye wafanyabiashara wenzake humwita Mama Kucha, amekuwa akinunua mazulia ya kale ya Kiajemi kwa miaka thelathini, na yote amewanunulia wateja. Chumbani kwake mwenyewe sakafu ni saruji tupu. Lile la rangi ya komamanga tulilolikuta kwa muuguzi mstaafu, ghorofa ya tatu, ndilo la kwanza alilotaka liwe lake.

Nililijua hilo kwa sababu hakulitazama. Ndivyo walivyo watu wa kazi ile: kinachotamaniwa hukanyagwa, kisichotakiwa ndicho husifiwa. Alisifu pazia. Akasifu kabati. Kisha akapiga magoti kana kwamba amedondosha kitu, akakunja pembe ya zulia, akapitisha ukucha wa kidole gumba upande wa nyuma, akihesabu mafundo safu kwa safu. Mimi niliyesomea historia chuo kikuu, na ambaye hadi leo sina hakika shahada ile ilinifundisha kuona nini, niliona vumbi. Yeye jasho lilimtoka shingoni.

"Hili nalo," alisema akiinuka, "ni la kufutia miguu. Nondo wamekula, wakashiba, wakaacha. Rangi imepauka kama uso wa mgonjwa. Nakuonea huruma tu, dada. Ngoja nikuondolee uchafu."

Maneno hayo alikwisha kuyatumia katika nyumba mia, na bei zikashuka. Muuguzi aliweka kikombe chake chini taratibu.

"Basi siuzi."

"Ati?"

"Nimeosha vidonda vya watu miaka arobaini, sijamdanganya hata mmoja. Leo nikuuzie wewe takataka? Kesho nalitupa jalalani."

Shangazi alinigeukia. Pengine ningeweza kumsaidia, lakini nilijifanya nasoma kalenda ukutani. Mtu aliyenaswa na ulimi wake mwenyewe ni tamasha adimu, na mimi si malaika.

"Usilitupe," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini, na ni takataka?"

"Kwa sababu nimesema uongo, dada yangu."

Akaeleza. Lilifumwa kwa mkono, fundo moja moja, zaidi ya miaka mia iliyopita. Rangi zake zilitoka kwenye mizizi na maganda. Nondo hawakuligusa hata kwa bahati mbaya.

Nilitarajia bei ipae. Badala yake muuguzi alinyakua simu, akaweka spika.

"Nampigia wifi yangu. Tangu mume wangu, Mungu amrehemu, aniletee zawadi hii, wifi anasema nililetewa gunia. Rudia yote hayo, na usipunguze chumvi!"

Hapo shangazi, ambaye hajapata kusifu zulia mbele ya mwenye nalo, alilisifu dakika kumi nzima. Kisha sauti ya wifi ikalipuka upande wa pili:

"Ala! Basi msiliguse! Hilo ni la kaka yangu, na mali ya kaka haitoki nje ya ukoo. Nakuja sasa hivi!"

"Njoo, wifi yangu, njoo," muuguzi alijibu kwa sauti ya asali, akakata simu. Kisha akatugeukia. "Ulisema utanipa ngapi?"

Shangazi alitaja bei ya haki, na kuitamka tu kulimuuma kama kung'olewa jino. Muuguzi hakuongeza wala hakupunguza.

"Ni lako. Wifi anakaa mtaa wa pili, na ana miguu myepesi. Mbona mmesimama? Kunjeni!"

Alishika pembe mwenyewe. Tulilikunja watu watatu huku tukihema, mimi nikapewa upande mzito, kwa heshima ya elimu yangu, alisema shangazi. Mimi na shangazi tukashukia ngazi za nyuma.

Tulikuwa hatujafika chini tuliposikia visigino vikigonga ngazi za mbele kwa hasira, mlango ukifunguliwa, na muuguzi akimpokea mgeni wake kwa upole usio na kifani:

"Karibu, wifi, karibu ndani. Leo wala usijisumbue kuvua viatu."