Ovaroli ya Dizeli

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali, nilipokuwa mwalimu kule Hanang, nilikaa zahanati nikisubiri dawa ya malaria. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mama mjamzito, khanga puani, kikombe cha uji kimepoa mkononi. Kila alichokula kilirudi. Mara akaingia mumewe, dereva wa trekta, ameoga, shati limepigwa pasi. Mama akaanza kulia.

“Nesi, nisaidie,” mume akasema. “Zamani nikiingia na ovaroli ananifukuza nikaoge. Sasa nikioga analia.”

“Nikisikia ile harufu ya dizeli ndiyo nakula,” mama akasema, akitazama sakafu.

Nesi hakucheka. “Ovaroli iko wapi?”

Ilikuwa kwenye trekta. Ilipoletwa, benchi zima tulihamia dirishani kutafuta hewa. Mama akaikumbatia, akavuta pumzi ndefu, akaumaliza uji.

Jioni nilimsimulia mke wangu, nikamuuliza mimi nilikuwa nanukia nini wakati wa mimba yetu ya kwanza.

“Chaki,” akajibu, akiendelea kuchambua mboga.

Nikajisikia vizuri, mpaka nilipokumbuka kwamba mimba ile yote alinilaza sebuleni.