Bibi, Jembe na Tuta la Ulaya

Juzi pale kijijini Ulaya, kwenye barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, niliona gari jekundu la kifahari, fupi kiasi kwamba tumbo lake lilikaribia kulamba vumbi. Lilijaribu kupanda tuta la udongo mbele ya shule, likakwaruza, likarudi nyuma. Dereva akatoa kichwa dirishani na kumwita bibi aliyekuwa akitoka shamba, jembe begani.

“Bibi, hebu nikwangulie hilo tuta nipite.”

Shikamoo hakuna! Hata injini hakuzima! Mtu ananunua gari lisilovuka tuta, halafu mwenye kosa ni tuta?

Bibi akamtazama. “Marahaba.”

Kijana akainamisha macho. “Samahani bibi. Shikamoo.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Kuvunja matuta ndiyo kazi yangu, ila ni yale ambayo viazi vyake vimekomaa. Hili tuliliinua baada ya kumzika mtoto aliyegongwa hapa. Zao la tuta hili ni watoto wa shule hii, na bado hawajakomaa.”

Kijana akageuza gari. Safi kabisa!

Nikawasha pikipiki yangu, nikaanza kulikwepa tuta kwa pembeni kama kawaida yangu. Bibi akakohoa.

Nikarudi, nikalipanda.