Sindano Iliyotoka Kavu

Tumbo la Emerensiana lilipoanza kuvimba, wanawake wa jumuiya pale Bombambili wakaanza kumhesabia miezi. Alikuwa mjane wa miaka sabini na mmoja, aliyeuza pombe ya komoni maisha yake yote, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Ni mapacha," aliwaambia. "Baba yao mwenyekiti wenu wa jumuiya."

Lakini alikuwa akikonda, na kila asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho. Zahanati walimpa dawa ya malaria mara tatu na ya minyoo mara mbili.

"Kama ni minyoo, basi ilishazikwa yote," alimwambia mwanawe Edmund, dereva wa bodaboda. Edmund akampakia, akampeleka hospitali.

Daktari Dorine, binti mdogo tu, alimbonyeza tumbo.

"Shikamoo bibi. Hii siyo mimba."

"Marahaba. Umeniondolea aibu."

"Ni bandama. Imevimba mpaka kitovuni."

Damu nayo ilikuwa pungufu, na kwenye darubini chembe zake nyingine zilionekana zina umbo la chozi.

"Hata damu inalia?" Emerensiana alishangaa. "Mimi mwenyewe sijalia tangu nimzike mume wangu, na hata siku ile nilikuwa nakata vitunguu."

Dorine alimlaza ubavu, akamchoma ganzi nyongani, kisha akaingiza sindano nene ya kunyonya uboho wa mfupa. Akavuta. Akavuta tena. Kavu.

"Mjukuu wangu, umekosea kisima?"

"Hapana bibi. Ukavu huu wenyewe ni habari."

Akachomoa kipande chembamba cha mfupa, kikapelekwa Dar es Salaam. Majibu yalirudi baada ya wiki tano: uboho, ambao ndio kiwanda cha damu, ulikuwa umejaa makovu. Bandama ilijitwika kazi isiyo yake, ndiyo maana ikafura. Kwa umri wake hakukuwa na dawa ya kuumaliza ugonjwa. Kulikuwa na vidonge vya kuituliza bandama, na kuongezewa damu.

Emerensiana akanyamaza. Edmund hakuwahi kumwona mama yake akinyamaza, akashikwa na hofu.

"Nitakufa?"

"Utakufa bibi, kama mimi. Ila siyo wiki hii."

Alicheka mpaka bandama ikamuuma.

Siku hizi huongezewa damu kila mwezi. Ya mwisho, anadai, ilitoka kwa mwanamume mvivu, maana tangu Jumanne hana hamu kabisa ya kuosha vyombo. Edmund anaviosha.